Kinywa cha Mama na Mwana ni Amana

Sifa njema zote zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), pamoja na jamaa zake na masahaba zake.

Amma baad. Akina mama wetu wakikutana huzungumza mengi kuhusu siha: mimba, uzazi, kunyonyesha, homa za watoto na chanjo. Kinywa ndicho kiungo kinachosahauliwa mpaka kiume. Mama mjamzito hufika kliniki, akapimwa uzito, presha, damu na mkojo, kisha mara nyingi hurudi nyumbani pasi na mtu kumwambia afunue kinywa. Mtoto naye hupelekwa kupimwa na kuchanjwa kwa ratiba, lakini siku yake ya kwanza kuonwa na daktari wa meno ni ile aliyolia usiku kucha na shavu limevimba.

Twauliza basi: wazee wetu wa mwambao huu, kuanzia Takaungu na Kilifi hadi Malindi, Mambrui na Ngomeni, waliishije na meno yao? Nani alikitunza kinywa cha mama na cha mtoto kabla ya zahanati hizi kuwapo? Tukilichunguza jambo hili twaona kwamba zamani kulikuwa na kinga, lakini tiba haikuwapo. Leo tiba imeanza kupatikana, ingawa kwa uchache, nasi tumeiacha kinga. Anayelipa gharama ya mabadiliko haya ni mama na mwanawe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Mswaki uliofundishwa nyumbani

Huduma ya kwanza ya meno kwa watu wote wa pwani hii haikuletwa na serikali yoyote. Ililetwa na dini. Mtume (S.A.W.) ameeleza kwamba lau si kuchelea kuutia umati wake mashakani, angaliwaamrisha kupiga mswaki kwa kila swala. Ameeleza pia kwamba mswaki hukisafisha kinywa na humridhisha Mola. Kwa mafundisho hayo, mtoto wa Kiislamu aliyelelewa chuoni alijua kusafisha meno kabla hajajua kuandika jina lake.

Tuzingatie vilevile ni nani aliyetuhifadhia mafundisho haya. Mengi yametufikia kwa ulimi wa mwanamke. Bi Aisha (R.A.) ndiye aliyesimulia kwamba Mtume alipoingia nyumbani kwake alianza kwa mswaki. Na katika saa zake za mwisho duniani, Mtume alipoutazama mswaki uliokuwa mkononi mwa Abdurrahman bin Abi Bakr, ni Bi Aisha aliyeuchukua, akautafuna ukalainika, akampa. Elimu ya mswaki tangu mwanzo ni elimu ya nyumbani, na mama ndiye mwalimu wake.

Mti wenyewe unaoitwa mswaki huota katika nchi yetu, hasa penye ukame, na vijiti vyake vingali vikiuzwa nje ya misikiti siku ya Ijumaa. Wataalamu waliouchunguza wamekuta ndani yake madini ya floraidi na silika, pamoja na vitu vinavyopunguza nguvu ya vijidudu vya kinywani. Shirika la Afya Duniani nalo, tangu miaka ya 1980, limehimiza utumike pale ulipozoeleka. Wengine walitumia vijiti vya mwarobaini. Kinywa kikiuma, nyumba haikukosa maji ya chumvi ya kusukutua, wala karafuu ya kubana kwenye jino, na mafuta ya karafuu hata leo hutumiwa na madaktari wa meno kutuliza maumivu.

Hiyo ndiyo iliyokuwa kinga: kijiti kisicho na gharama kubwa, kinachotumika mara kadhaa kwa siku, na kinachofungamana na ibada hata mtu asikisahau.

Chakula nacho kilikuwa tiba ya fizi

Bandari ya Malindi ina kisa kinachofaa kusimuliwa hapa. Januari 1499, Vasco da Gama na mabaharia wake walifika Malindi wakirudi kutoka Bara Hindi. Walikuwa wamekaa baharini karibu miezi 3 wakivuka, na watu wapatao 30 walikuwa wamekufa njiani kwa ugonjwa unaovimbisha fizi mpaka zikafunika meno na mtu asiweze kula. Walipotia nanga, miongoni mwa mambo ya mwanzo waliyoomba kwa watu wa Malindi ni machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao. Wengine walikuwa wamekwisha kudhoofika kiasi cha kutofaidika nayo.

Ugonjwa ule sababu yake ni kukosa vitamini C, inayopatikana katika matunda mabichi na mboga. Mwambao huu Mungu ameujaalia neema hiyo tele: machungwa, ndimu, mapera, maembe, ukwaju na unga wa ubuyu. Mtoto wa zamani aliyeokota embe na kutafuna muwa, aliyekula samaki kwa muhogo au wali wa nazi, hakuwa na sukari ya kumkaa menoni kutwa. Halua na kashata zilikuwapo, lakini zilikuwa za sikukuu, harusi na maulidi.

Leo mtoto hutoka nyumbani na shilingi 10 mkononi. Mlangoni mwa shule na mlangoni mwa madrasa humngoja pipi, barafu za maji ya sukari, soda, na mabuyu yaliyovishwa sukari na rangi nyekundu. Buyu lile lile lililokuwa dawa limegeuzwa kuwa ugonjwa. Asili ya kuoza kwa jino ni kwamba vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa asidi, na asidi hiyo hulila jino kidogo kidogo. Kinachodhuru zaidi ya wingi wa sukari ni idadi ya mara inapoingia kinywani. Mtoto anayefyonza pipi tangu asubuhi hadi jioni huyapa meno yake shambulio baada ya shambulio pasi na mapumziko.

Matokeo yanaonekana. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa nchini Kenya, ambao ripoti yake ilitoka mwaka 2015, ulikuta karibu nusu ya watoto wa umri wa miaka 5 wana meno yaliyooza.

Imani zilizowaumiza watoto

Hatusemi kwamba kila jambo la kale lilikuwa jema. Kuhusu meno ya watoto, pwani hii na bara yake ilibeba imani iliyomwaga damu isiyo na hatia. Kamusi kongwe za Kiswahili zimelihifadhi neno kigego, na maana yake mojawapo ni mtoto aliyeota meno ya juu kabla ya yale ya chini. Mtoto huyo alihesabiwa kuwa nuksi kwa ukoo, na kamusi hizo hizo zinataja kwamba aliweza kuuawa. Hata pale alipoachwa hai, mamake aliishi na lawama ya jambo asilolitenda.

Uislamu umeikata imani hii kwenye mzizi. Mtume (S.A.W.) amekataza kuamini mikosi, na Qur'ani imetuonya kwamba mtoto aliyezikwa hai ataulizwa Siku ya Kiyama ni kwa dhambi gani aliuawa. Madaktari nao wanatuambia kwamba mpangilio wa kuota meno hutofautiana baina ya watoto, na kwamba mtoto aliyeanza kwa meno ya juu hana kasoro yoyote. Neno hilo bado husikika katika matusi na minong'ono. Mwanamke wa Kiislamu anayelisikia likitajwa juu ya mtoto, wajibu wake ni kulikanusha.

Iko imani ya pili ambayo haijafa. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, mtoto mchanga akishikwa na homa au kuharisha, wapo wanaodai kwamba ana meno ya plastiki, au meno ya nailoni kama wasemavyo majirani zetu wa Tanzania. Hufunuliwa kinywa akachokolewa fizi kwa kitu chenye ncha, na kutolewa vijinundu vyeupe vinavyosemwa kuwa ndio ugonjwa. Vijinundu hivyo ni chonge za mtoto ambazo bado hazijaota. Akitendewa hivyo huweza kuvuja damu nyingi, kuingiwa na vijidudu, hata kufa, na akipona huenda jino la ukubwani likaota limepinda au lisiote kabisa. Homa na kuharisha vina sababu nyingine. Mtoto wa namna hiyo anahitaji maji ya chumvi na sukari ya hospitali pamoja na kupimwa na muuguzi. Hana haja ya kukatwa fizi.

Serikali ilipoingia

Na tiba je? Zama za ukoloni hospitali za serikali ziligawanywa kwa rangi: za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika. Jumuiya ya Lady Grigg, iliyoanzishwa mwaka 1926, ilisimamia nyumba za uzazi Nairobi na Mombasa, na akina mama wengi walinufaika. Hizo lakini zilikuwa huduma za kujifungua. Madaktari wa meno walikuwa wachache mno na walikaa katika miji mikubwa. Mwananchi wa kawaida wa Mambrui, Roka au Takaungu alikuwa na tiba moja tu ya jino, nayo ni kung'olewa. Na kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa mwaka 1991, aliyetoka Malindi kwenda Mombasa kwa njia ya pwani hakuwa na budi kungoja kivuko. Mama mwenye mimba kubwa na jino bovu alipima taabu ya safari na taabu ya jino, akachagua kustahimili.

Baada ya uhuru mambo yalianza kufunguka. Mwaka 1965 serikali ilifuta ada iliyotozwa wagonjwa wasiolazwa. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianza kufundisha udaktari wa meno. Kabla ya hapo Mkenya aliyetaka elimu hiyo ilimlazimu aende ng'ambo. Tanzania ilifuata kwa kuanzisha mafunzo kama hayo Muhimbili mwaka 1979. Kisha mwaka 1989 ikaja sera ya kuchangia gharama, na mlango uliokuwa umefunguliwa ukafungwa nusu. Mwaka 2004 ada zikapunguzwa zikawa shilingi 10 katika zahanati na shilingi 20 katika kituo cha afya, na watoto chini ya miaka 5 wakasamehewa. Juni 2013 akina mama wakaruhusiwa kujifungua bila malipo katika hospitali za umma, na ada za zahanati na vituo vya afya zikafutwa.

Hizi zote ni neema, na asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Lakini tutazame kwa makini kilichosamehewa na mahali kilipo. Kiti cha daktari wa meno kwa kawaida hakiko zahanati ya kijijini. Kiko katika hospitali kubwa. Mama wa ndani ya Magarini au Ganze husamehewa ada mahali pasipo na huduma ya meno, na huduma ilipo humbidi kwanza atafute nauli. Kwa hiyo hufika siku ambayo jino halina tena la kufanywa ila kung'olewa, kama ilivyokuwa kwa bibi yake.

Waliomtanguliza mama na mtoto

Wako waliolipanga jambo hili mapema. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1918 ya ustawi wa wazazi na watoto, iliziruhusu serikali za miji na wilaya kuwahudumia wajawazito, wanaonyonyesha na watoto wasiofika umri wa shule, na meno yakaingia katika huduma hizo. Ilipoanzishwa huduma ya afya ya taifa mwaka 1948, mama na mtoto waliwekwa katika kundi la kutangulizwa kwa meno. Mwaka 1952 ulipowalemea ugumu wa fedha wakaanza kutoza ada za matibabu ya meno, lakini wajawazito na watoto hawakutozwa. Mpaka leo mama wa Uingereza hutibiwa meno bila malipo katika huduma hiyo tangu mimba mpaka mtoto atimize mwaka 1.

New Zealand ilipita njia nyingine. Mwaka 1921, chini ya uongozi wa Thomas Hunter, ilianza kuwafundisha wasichana kazi ya uuguzi wa meno, ikawapeleka katika shule zenyewe kuwatazama na kuwatibu watoto. Hawakungoja madaktari watoshe. Nchi ya Malaysia, ambayo wengi wa watu wake ni ndugu zetu Waislamu, iliifuata njia hiyo kwa kufungua chuo cha wauguzi wa meno kisiwani Penang mwaka 1949, wakati nchi hiyo ingali chini ya ukoloni wa Uingereza kama sisi. Watoto wa shule na akina mama wajawazito wakawa ndio wanaotangulizwa.

Hatuzitaji nchi hizi kwa kuzihusudu. Tunazitaja kwa kuwa hazikungoja utajiri. Ziliuliza tu: ikiwa fungu ni dogo, nani atangulie? Zikajibu: mama na mtoto. Na sababu yake iko wazi, kwa kuwa kinywa cha mama na kinywa cha mtoto ni kimoja.

Mimba, arubaini na fizi

Husemwa kwamba kila mimba hung'oa jino moja la mama, kwa kuwa mtoto tumboni hunyonya chokaa ya meno yake. Maneno haya si kweli, na yamewafanya wanawake wengi kukubali hasara isiyowalazimu. Mtoto hachukui chokaa kwenye meno ya mama. Kinachotokea ni kwamba homoni za mimba huzifanya fizi ziwe laepesi kuvimba na kutoka damu penye ukoga. Kichefuchefu nacho huleta tindikali ya tumbo kinywani. Na mama aliyechoka huacha kupiga mswaki, akawa anakula kidogo kidogo kutwa. Sababu hizi zote zina dawa.

Fizi zikitoka damu, mama asiogope kupiga mswaki. Azidishe, kwa upole. Akitapika, asukutue maji kwanza na angoje karibu nusu saa ndipo asugue. Kutibiwa meno wakati wa mimba kunajuzu na ni salama, na miezi ya katikati, yaani wa 4 hadi wa 6, ndiyo iliyo rahisi zaidi kwake. Jino lenye usaha halingoji hata miezi hiyo. Amwambie daktari kuwa ni mjamzito, wala asinunue dawa dukani kwa kukisia. Tetrasaiklini, kwa mfano, hutia meno ya mtoto madoa yasiyofutika, na haifai kwa mjamzito wala kwa mtoto mdogo.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo ni la kifiqhi hasa. Tumesema kwamba kinga ya wazee wetu ilifungamana na udhu na swala. Je, mwanamke aliye katika hedhi, au mzazi aliye katika siku 40 za nifasi, ambaye haswali? Wengi, bila kukusudia, huacha mswaki pamoja na udhu. Na arubaini hizo ndizo siku ambazo mzazi wa pwani hunyweshwa uji wa pilipili manga wenye sukari asubuhi na jioni. Fizi zake zimetoka kwenye mimba hali ni dhaifu, sukari imezidi, na mswaki umeachwa.

Jueni basi, mama zetu, kwamba swala ndiyo iliyoondolewa kwenu siku hizo. Sunna ya kusafisha kinywa haikuondolewa. Mswaki umesuniwa pia mtu anapoamka, na kila harufu ya kinywa inapobadilika, na hayo hayana sharti la twahara. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba alikuwa akinywa naye yuko katika hedhi, kisha humpa Mtume chombo, naye huweka kinywa chake pale pale alipoweka yeye. Kinywa cha mwanamke katika siku hizo ni safi na kina heshima yake, na chastahiki kutunzwa. Mkunga au mama mkwe anayemhudumia mzazi na amletee mswaki wake pamoja na uji.

Kwa mwezi wa Ramadhani, Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1997, liliamua kwamba kuziba jino, kulisafisha, kuling'oa au kupiga mswaki hakuharibu saumu iwapo mtu hakumeza kitu. Katika madhehebu yetu ya Shafi, kauli mashuhuri ni kuwa ni karaha aliyefunga kupiga mswaki baada ya jua kupinduka, ingawa Imamu Nawawi alielekea kwenye kutokuwapo karaha. Kwa vyovyote, baina ya kufuturu na daku kuna nafasi ya kutosha, na asilale mtu na tende na kaimati menoni.

Mtoto tangu jino la kwanza

Wengi hupuuza meno ya utotoni kwa kusema yatang'oka tu. Meno hayo 20 huanza kuota karibu na mwezi wa 6 na hukamilika kabla ya miaka 3. Kazi yake ni kumlisha mtoto, kumsaidia kutamka herufi, na kuyashikia nafasi meno ya ukubwani. Ni nani katika walimu wa Qur'ani asiyejua shida ya kumfundisha makharija mtoto aliyepoteza meno ya mbele kabla ya wakati wake?

Vijidudu vinavyoozesha meno mara nyingi mtoto huvipata kwa mate ya mama au mlezi. Kwa hiyo anayemtafunia mtoto chakula, au anayemwonjea uji kwa kijiko kile kile, humpa na ugonjwa wake. Hata katika sunna ya tahniki, anayeitafuna tende kwa ajili ya mtoto mchanga na awe mtu wa kinywa safi. Mama anayejitibu meno yake huwa ameanza kumtibu mwanawe.

Jino la kwanza likichomoza, lisafishwe kwa mswaki mdogo laini na dawa ya meno yenye floraidi, kiasi cha punje ya mchele. Akifika miaka 3, kiasi cha punje ya choroko chatosha. Asilazwe na chupa ya maziwa yenye sukari au sharubati. Aonwe na mtaalamu wa meno kabla ya kutimiza mwaka 1. Na karibu na miaka 6 huota gego nyuma kabisa ya meno ya utotoni pasi na jino lolote kung'oka. Akina mama wengi hudhani ni la utotoni, wakaliacha lioze. Hilo ni jino la maisha na halina badala.

Yatupasayo

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, imempa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa, na kifungu cha 53 kimempa kila mtoto haki ya huduma ya afya. Tangu 2013 hospitali zetu na zahanati zetu ziko mikononi mwa kaunti. Kwa hiyo ombi letu halina haja ya kwenda mbali. Katika vikao vya wananchi vya kujadili bajeti ya kaunti, akina mama na wahudhurie na waseme mambo mawili: kwamba kila mjamzito anayefika kliniki atazamwe kinywa, na kwamba mtaalamu wa meno afike shuleni na madrasani angalau mara moja kwa mwaka. New Zealand ililiweza hilo zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Upande wetu nao una kazi. Walimu wa madrasa, tuwafundishe watoto udhu pamoja na mswaki kwa vitendo, kwa kuwa haitoshi kuusoma kitabuni. Kamati za madrasa, tukubaliane na wauzaji wa mlangoni wauze machungwa, ndizi na karanga badala ya pipi. Akina baba, nauli ya kumpeleka mke kwa daktari wa meno ni katika wema wa kuishi naye, kama ilivyo nauli ya kliniki. Na mama, usiku kabla ya kulala, mfunue mwanao kinywa utazame. Doa jeupe kama chokaa karibu na ufizi ndiyo dalili ya mwanzo ya kuoza, na likionekana mapema laweza kuzuiwa bila kung'oa kitu.

Mola awajaalie mama zetu siha, awakuze watoto wetu katika twahara ya mwili na ya moyo, na atuafikishe kuitunza amana hii kabla hatujaulizwa juu yake. Wabillahi tawfiq.